Wachezaji wa gemu za mafumbo nao waulizwe

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya ukurasa wa teknolojia iliyosema gemu za kugusa kioo zinawafanya watoto wawe wavivu wa kufikiri nimeisoma mwanzo mpaka mwisho, nikampa mdogo wangu nae akaisoma, na wote wawili tumebaki na swali moja tu, wachezaji wako wapi? Mzazi kaulizwa, mwalimu kaulizwa, mtaalamu nae kapewa aya tatu nzima, lakini mtu hata mmoja anaezicheza hizo gemu hamna. Mtu akiwaletea makala ya mpira ambayo hajaongea na mchezaji wala kocha wala shabiki mtamrudishia akaiandike upya, na mtakuwa sahihi. Naomba na sisi tupewe haki hiyohiyo.

Mimi ni mtu mzima, nina kazi na nina familia, na nacheza gemu za mafumbo tangu zile Nintendo DS zilipoanza kuingia mtaani kwetu hapa Tanga kwa njia ya ndugu wanaotoka Uarabuni na Ulaya. Kwa wasioijua, DS ni ile mashine ndogo ya gemu inayofunguka kama kitabu, ina vioo viwili, kioo cha chini ndo cha tachi, yaani cha kugusa, na pembeni kuna tundu la kuchomeka kikalamu cha plastiki, ilitoka 2004, kabla ya hizi simu janja tulizonazo leo. Ya kwetu aliileta shangazi alipokuwa anarudi kutoka Muscat, ikiwa na kadi moja tu ya gemu ndani yake, na hiyo kadi moja imechezwa na nyumba nzima mpaka na wapangaji wa uani. Kwa hiyo nikisema wachezaji nawasema watu nilioishi nao na kuwasikia wakibishana, pamoja na yale ambayo wachezaji wa nchi nyingine wamekuwa wakiyasema kuhusu gemu hiyohiyo kwa miaka mingi, maana kwa kweli maoni yanafanana sana.

Gemu yenyewe ni Professor Layton and the Curious Village. Ilitengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Level-5 yenye makao yake Fukuoka, ikatoka Japani Februari 2007, ikafika Marekani mwanzoni mwa 2008 na Ulaya mwishoni mwa mwaka huohuo. Kuna profesa anaevaa kofia ndefu na mwanafunzi wake Luke, wanaitwa kwenye kijiji cha St. Mystere ambako tajiri mmoja kafariki na kaacha wosia kwamba atakaelipata tofaa la dhahabu ndo atakaerithi mali zote. Sasa kila unaemkuta pale kijijini, awe mtu wa dukani au bibi aliejikalia zake, unamuuliza jambo na yeye kabla ya kukujibu anakutegea fumbo kwanza, na mafumbo yapo zaidi ya 130. Aliehusika na mafumbo hayo ni marehemu Akira Tago, profesa wa saikolojia ambae tangu 1966 alikuwa anatoa vitabu vya chemsha bongo vilivyosomwa sana Japani, na Akihiro Hino, bosi wa Level-5, alivipenda vitabu hivyo tangu utotoni ndo maana alipotaka kutengeneza gemu ya mafumbo alimfuata mzee mwenyewe. Nalisema hili kwa sababu makala yenu iliandika kwamba gemu hizi zinatungwa na watu wasiojua chochote kuhusu akili ya binadamu. Hii ilikuwa na profesa wa saikolojia wa chuo kikuu kabisa nyuma yake, na iliuza vizuri mpaka zikafuata nyingine na nyingine, na mfululizo mzima ukapita nakala milioni 15 duniani.

Tuje kwenye tachi yenyewe maana ndo mliyoilaumu. Ukimuuliza mtu yeyote aliecheza Layton kitu gani alikipenda, mara nyingi utasikia kitu kimoja, kwamba kile kikalamu kinafanya kazi ya kalamu kweli. Jibu likiwa ni namba unaiandika kwa mkono wako pale kwenye kioo, likiwa ni mstari unauchora, likiwa ni kitu kimoja kati ya vinne unakizungushia duara. Na kuanzia gemu ya pili ya mfululizo huu kuna kitufe cha memo, ukikibonyeza unapata karatasi nyembamba juu ya fumbo, unapiga hesabu zako humo, unaweka alama ya kukata kwenye majibu uliyoyakataa, unachora mishale, yaani unachafua utakavyo halafu unafuta. Mpwa wangu alikuwa na tabia ya kufanyia rafu za mafumbo kwenye daftari la shule, alipoiona memo akaanza kuandika humohumo kwenye kioo, na ukikaa pembeni yake unaona kabisa anavyofikiri, anaweka namba, anaikata, anaweka nyingine, anasimama, anang'ata kikalamu, anafuta zote. Mwenye makala angekaa na yule mtoto kwa muda tu wa fumbo moja asingeandika neno uvivu.

Ngoja niwape mfano mmoja niueleze vizuri. Mapema kabisa kwenye gemu kuna fumbo la mbwa mwitu watatu na vifaranga watatu wanaotakiwa kuvuka mto kwa chelezo kinachobeba wanyama wawili tu, na chelezo hakiwezi kwenda kitupu, lazima awepo mnyama hata mmoja. Sharti ni kwamba upande wowote wa mto mbwa mwitu wakiwazidi vifaranga idadi, vifaranga wanaliwa. Unawagusa kwa kikalamu wanapanda, unagusa chelezo kinaondoka. Nyumbani kwetu kila mtu alipofika hapo alisema hilo mbona nalijua, hilo si lile la chui, mbuzi na majani? Na ni kweli yamezaliwa pamoja. Sisi wote tumelelewa na yule bwana aliefika mtoni na chui wake, mbuzi wake na mzigo wa majani, mtumbwi unabeba kimoja tu, akimwacha chui na mbuzi mbuzi kaliwa, akimwacha mbuzi na majani majani yameliwa. Lile letu linaisha kwa safari saba, na siri yake yote ni kwamba mbuzi ukishamvusha unatakiwa umrudishe tena ulikotoka, kitu ambacho akili inakikataa maana unaona unaharibu kazi uliyokwisha ifanya.

Sasa la vifaranga linachukua safari 11 na kila mtu anakwama palepale, safari ya sita. Hapo ng'ambo una mbwa mwitu wawili na vifaranga wawili, huku nyuma kabakia mbwa mwitu mmoja na kifaranga mmoja, unaona mambo yamenyooka umebakiza wawili tu, na ndo hapohapo unatakiwa uwarudishe wawili, mbwa mwitu mmoja na kifaranga mmoja pamoja. Watu hawataki. Watarudisha mbwa mwitu peke yake vifaranga waliwe, watarudisha kifaranga peke yake waliwe, watafuta waanze upya, wataanza kusema gemu ni mbovu. Yule mpwa wangu ndo aliekumbuka mbuzi. Alisema tu, "si lazima arudi kama mbuzi", akawagusa wote wawili akawapakia, na vilivyobaki vikaenda vyenyewe. Hakuna aliemfundisha. Alichukua kitu alichosimuliwa na bibi yake akakitumia kwenye mashine ya Kijapani, na hilo kwangu ni kufikiri, tena kufikiri kwa kiwango ambacho mtihani wa kuchagua herufi hauwezi kukipima.

Kitu kingine wachezaji wanachokisifia sana ni kwamba hakuna saa. Hakuna kengele inayokupigia wala sekunde zinazohesabika pembeni, ukitaka kulitafakari fumbo mpaka kesho liache hapohapo, funga kifaa, nenda zako sokoni, ukirudi unafungua unalikuta. Ukilishindwa unaruhusiwa kulitoka ukalirudia baadae, na yale uliyoyapita bila kukutana nayo yanakusanywa kwa kibibi mmoja anaitwa Granny Riddleton unayakuta kwake kwenye kibanda. Na ukikwama kabisa kuna vidokezo vitatu kwa kila fumbo lakini havitolewi bure, unalipia kwa sarafu, na sarafu zenyewe unazitafuta kwa kugusagusa picha za kijiji, kwenye taa, kwenye pipa, kwenye dirisha. Kuna wachezaji wamelalamika kwamba hili la sarafu linamgeuza mtu kuwa mdonoaji, badala ya kufurahia picha unadonoa kila tofali, na kweli kioo cha DS yetu kina michubuko ya kutosha kuthibitisha hilo. Mimi lakini nalitetea. Msaada unaolipiwa unakufanya ufikiri mara mbili kabla ya kuuomba. Na kila fumbo lina alama zake zinazoitwa picarats, ukijibu hovyo zinapungua, kwa hiyo hata kubahatisha kuna bei yake.

Hapa ndo nasema Waswahili tusingetakiwa kuambiwa na mtu kwamba mchezo wa namna hii ni mgeni au ni upuuzi. Kitendawili chetu kina sheria zilezile. Mtu anasema kitendawili, mnaitikia tega, anatega, mnajaribu mkishindwa anasema nipeni mji, na mji haupokelewi hivihivi, mnampa huu anaukataa mnampa mwingine mpaka auridhie, na akishaupata anajisifu kwanza huko alikofika na alivyopokelewa halafu ndo anatoa jibu. Kutojua kulikuwa na gharama na jibu lilikuwa na thamani. Mzee Tago na wenzake walijua hilo, bibi zetu nao walijua hilo. Asiejua ni mtengeneza gemu wa siku hizi anaekupa jibu ukimwangalizia tangazo la sekunde 30.

Na hapo ndo kwenye kiini cha barua yangu. Mwandishi wenu kaziona gemu za bure kwenye simu, zile za kupanga peremende na matunda, zenye maisha matano yakiisha usubiri au ununue, zenye tangazo katikati ya kila levo na mduara unaozunguka kukuita ushinde zawadi, akaziita zote gemu za mafumbo na akazihukumu zote pamoja. Mimi sizitetei hizo. Mwanangu aliwahi kumaliza bando langu lote kwenye gemu moja ya namna hiyo na matangazo mengine aliyoonyeshwa humo yalikuwa ya kamari, mtoto wa darasa la tatu anaonyeshwa kamari, nilikasirika sana na nikaifuta siku hiyohiyo. Lakini kosa pale halikuwa kidole kugusa kioo wala fumbo, kosa lilikuwa biashara iliyojengwa ili mtu asimalize. Layton ina mwisho. Unaimaliza, unajua siri ya kijiji, unafunga, unampa mwenzako. Kuna wachezaji wanaoiona hiyo ni kasoro, wanasema ukishayajua majibu hakuna cha kurudia, na yale mafumbo ya nyongeza ya kila wiki yaliyokuwa yanapatikana kwa intaneti nayo hayapatikani tena kwa njia ile tangu Nintendo walipoizima huduma yao ya DS Mei 2014. Malalamiko hayo nayaelewa. Ila mzazi akiniuliza achague ipi kati ya gemu inayoisha na gemu isiyoisha nitamwambia inayoisha, kila siku.

Msije mkadhani wachezaji tunasifia tu. Nendeni mkawasikilize mtaona ni wakali kuliko mwandishi wenu, tena ukali wao una maana kwa sababu wanajua wanachokisema. Lalamiko kubwa ni kwamba mafumbo mengi hayahusiani na hadithi, kijijini kuna mambo mazito yanatokea na wewe unaombwa uhesabu pipi, kwamba ukiyatoa mafumbo yote ukayaweka kwenye gemu nyingine hakuna kitakachopungua. Wengine wanayachukia yale ya kusukuma vipande kwenye kisanduku mpaka kimoja kitoke, wanasema hayo hayana ujanja ni uvumilivu tu, na mimi nakubaliana nao, mawili matatu yangetosha. Wengine hawapendi maswali ya mtego ambayo ukisoma haraka unahesabu weee halafu unakuta jibu lilikuwa kwenye sentensi ya kwanza, wanajiona wametapeliwa. Mdogo wangu yumo kwenye kundi hilo na tumeshabishana mpaka usiku kuhusu fumbo moja, yeye anasema swali lilikuwa halieleweki mimi nasema lilieleweka ila hakusoma. Halafu kuna mwandiko, mara nyingine unaandika namba mashine inasoma nyingine, inabidi ufute uandike tena polepole kama mtoto wa chekechea, na ukiwa na mkono wa haraka inakera. Upande wa pili wapo wanaoyapenda yale ya malkia wa chesi, ya kuwapanga ubaoni wasiweze kulana, na ya vijiti vya kiberiti ambayo vijana wa kwetu waliyamaliza bila jasho kwa sababu vijiti vya kiberiti wamevichezea barazani tangu wadogo.

Na si kila gemu ya tachi ya mafumbo inaitumia tachi kwa namna moja, hili nalo mwandishi wenu hakulijua. Kuna Meteos ya 2005, kwenye DS hiyohiyo, iliyobuniwa na Masahiro Sakurai, yule aliembuni Kirby, mhusika maarufu wa gemu za Nintendo, na kusimamiwa na Tetsuya Mizuguchi, ambayo vipande vya rangi vinadondoka toka juu na wewe kwa kikalamu unavisogeza juu na chini ndani ya safu yake tu, ukipanga vitatu vya aina moja vinawaka moto na kurusha rundo lote angani kama roketi. Nzuri sana, muziki mzuri, na kila sayari ina uzito wake, kuna zinazorusha kirahisi na kuna ambazo rundo linapanda kidogo linarudi chini. Lakini wachezaji waligundua mapema kwamba ukisugua kikalamu juu chini hovyohovyo bila hata kuangalia mara nyingi unashinda, na wengi waliisema kasoro hiyo waziwazi, kwamba mkono umepewa kasi kuliko akili. Mnaona tofauti? Vioo ni vilevile, kikalamu ni kilekile, mmoja anaandika mwingine anasugua, na walioliona hilo kwanza ni wachezaji wenyewe. Mngewauliza wangewapa hoja nzuri zaidi ya ile mliyoichapa.

Jambo la lugha nalo sitaki nilipite. Layton iko kwa Kijapani, Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani na nyingine za Ulaya, Kiswahili hamna. Kwa mafumbo ya picha, vijiti na mito hilo halina shida, mtoto anaelewa kwa kuona. Lakini kwa yale ya maneno nimeona watoto wenye akili kali kabisa wanakwama kwa sababu mtego umejificha kwenye Kiingereza, na wanaondoka wakidhani hawana akili. Hilo linaumiza kuliangalia. Na kumbe hata waliotengeneza walilijua tatizo hili, gemu ilipotolewa Japani kwenda nchi nyingine baadhi ya mafumbo yaliyotegemea Kijapani yaliondolewa yakawekwa mengine, hawakujaribu kuyalazimisha. Kwa hiyo vijana wetu wanaosomea kompyuta wasipoteze muda kutafsiri za wenzao. Sisi tuna vitendawili, tuna mafumbo ya mashairi, tuna chemsha bongo za mito na mizani na urithi wa ngamia, tuna bao ambalo hesabu yake peke yake inatosha gemu nzima. Kijiji cha pwani, baraza, mzee anakutegea fumbo kabla hajakuonyesha njia, kuna Mswahili gani ataona hilo ni geni? Na simu za tachi ambazo nyumba nyingi sasa zinazo zinaweza kulibeba kabisa, hiyo Layton ya kwanza yenyewe tangu 2018 ipo kwenye simu za Android na iPhone, unainunua mara moja basi. Kinachokosekana ni mtu wa kuweka hela na gazeti la kusema kwamba inafaa.

Ndo maana nawaandikia nyie na siwaandikii watengeneza gemu. Gazeti lenu zamani lilikuwa na kona ya mafumbo kwenye ukurasa wa watoto, nilikuwa naikata nabandika kwenye daftari, sa hivi nafasi ile imejaa picha za wasanii. Mnalaumu vioo kwamba vimewaondolea watoto kufikiri wakati hata nyie kona ya kufikiria mmeiondoa. Nasema kwa heshima lakini nasema. Irudisheni. Haihitaji ukubwa, robo ya ukurasa Jumamosi inatosha, fumbo moja kubwa la wiki liwe na mchoro ambao mtoto anaweza kuuchorea juu kwa penseli, na mafumbo mengine madogo mawili ya wasomaji wenyewe, mtakuta yanamiminika kutoka Lamu na Mombasa mpaka Kigoma. Wekeni na vidokezo, lakini visiwe pamoja na swali, vitoeni siku tofauti katikati ya wiki ili mtu aamue mwenyewe kama anavitaka. Na ukurasa wa teknolojia uwe na nafasi ya wachezaji kuandika maoni yao kuhusu gemu wanazozicheza, ipi nzuri kwa mtoto wa umri gani, ipi ina kamari ndani, ipi inaisha, ipi inakula bando, maana mzazi anaeingia Play Store sa hivi anaingia gizani, hana wa kumuuliza, na sisi tunaojua tupo na tuko tayari kuandika bila malipo.

Mimi mwenyewe naweza kuwaletea mafumbo ya kuanzia ya kutosha mwezi mzima, mengine ya mito, mengine ya vijiti, yote yamejaribiwa na watoto wa mtaani kwetu na yale waliyosema hayaeleweki nimeyatoa. Ombi langu moja tu kwenye uchapaji, majibu yasiwekwe chini ya ukurasa uleule kwa herufi ndogo zilizopinduliwa kama mlivyokuwa mnafanya zamani, yawekwe toleo la Jumamosi inayofuata.

Ni mimi msomaji wenu,
Tanga